Ukikata Kushoto

Tarehe 4 Machi

Kwa shemeji Spana,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Mimi mzima, na Mama mzima isipokuwa magoti, ambayo anasema yamehama na kumwachia yeye mzigo. Anakusalimu. Anasema mwanawe wa mwisho ameolewa na mji.

Simu huku hazishiki, kwa hiyo nakuandikia, na barua nampa dereva wa basi akuachie hapo karakana. Tangu tulipomzika kaka yako ni miaka miwili, nawe uliondoka kesho yake na basi la kwanza hata chai hukumaliza. Sikuulizi. Kila mtu ana namna yake ya kulia.

Labda hukusikia kwamba kazi yake niliichukua mimi. Sasa ndimi mpima mvua wa kituo cha juu. Nasoma vipimajoto kwenye kile kibanda cheupe, namimina maji ya mvua kwenye bomba la kioo, naandika katika daftari kubwa. Kazi naipenda. Kuna asubuhi mawingu yanakuwa chini yangu, basi najiona kama mtu aliyesimama juu ya kitanda cha mtu mwingine.

Lakini makao makuu wametoa amri mpya. Kipimo cha asubuhi, badala ya saa tatu, sasa ni saa kumi na mbili kamili. Kwa miguu ni saa mbili kupanda. Itabidi niondoke saa kumi alfajiri, na Mama siwezi kumwacha peke yake saa hizo, maana akiamka anataka kwenda uani na ngazi zimelowa. Mkuu ameandika kwa upole kwamba nikishindwa watatafuta mtu anayeishi karibu na kituo. Anayeishi karibu na kituo ni kunguru.

Pikipiki ya kaka yako bado iko stoo. Fundi wa mashine ya kusaga ameitengeneza injini, inanguruma vizuri kabisa, ila umeme anauogopa kama nyoka. Akiona waya anarudi nyuma. Taa haiwaki hata moja. Na ukungu wa huku unaujua, asubuhi unalala barabarani kama mtu asiye na haraka ya kuamka. Bila taa siendi.

Nifundishe. Mikono ninayo.

Mke wa kaka yako


Tarehe 9 Machi

Shemeji,

Barua nimeipata. Msalimie Mama, mwambie magoti ayakande kwa maji ya moto.

Kuhusu pikipiki, iuze. Au mpe huyo wa mashine ya kusaga avunje atoe vipuri. Chombo kilichokaa miaka miwili bila kuguswa, nyaya zake zinakuwa kama nywele za mzee, ukizishika zinabaki mkononi. Hapa karakana nitakutafutia nyingine, hata kama itachukua muda. Waombe makao makuu wakuvumilie.

Ile usiipande.

Spana


Tarehe 13 Machi

Shemeji,

Siuzi. Na makao makuu hawavumilii, wamenipa mpaka mwanzo wa Aprili.

Jana nilikaa stoo baada ya kazi, mlango wazi, ukungu ukiingia taratibu kama mgeni anayeona aibu. Nikaipangusa yote, kuanzia taa mpaka mkia. Tope la siku ile lilikuwa bado chini ya bawa la gurudumu la mbele, limekauka, lina jani ndani yake. Unakumbuka ilivyokutwa: pikipiki imelala kwenye majani ukingoni mwa barabara, haina hata mkwaruzo wa maana, na kaka yako chini kabisa kwenye mawe. Nilifikiri nitaichukia. Nilipoushika usukani nilisikia kama nimeshika mkono wa mtu niliyempoteza sokoni.

Mama akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni.

"Unaongea na nani?"

"Na pikipiki."

"Inajibu?"

"Bado."

"Basi muulize Spana. Yeye na kaka yake ndio walikuwa wakielewana nayo."

Ndiyo nakuuliza. Ukigeuza ufunguo, hakuna kitu. Honi haina sauti, indiketa hazikonyezi, taa ya mbele na ya nyuma zote zimekufa. Nianzie wapi? Ukikataa nitajaribu peke yangu, na wewe unajua mkono wangu ulivyo mzito.

Mke wa kaka yako


Tarehe 18 Machi

Shemeji,

Umeshinda. Pamoja na barua hii dereva atakupa boksi. Ndani kuna betri mpya iliyokwisha kuchajiwa, fyuzi tatu, kipande cha msasa, na kidude nilichokitengeneza jana: balbu ndogo ya indiketa yenye nyaya mbili. Hicho ndicho jicho lako. Waya mmoja unaugusisha kwenye chuma safi cha fremu, mwingine unagusisha pale unapotaka kujua kama umeme umefika. Balbu ikiwaka, umefika. Isipowaka, haujafika.

Kanuni ni hiyo moja tu, mengine ni uvumilivu. Umeme unatoka kwenye betri, unapita fyuzi, unakwenda kwenye ufunguo, unapanda kwenye swichi ya mkononi, unaingia kwenye taa, halafu unarudi nyumbani kupitia ule waya wa ethi uliofungwa kwenye fremu. Ufuate kama unavyomfuata mtoto aliyetumwa dukani. Mahali kidude kinapowaka, mtoto kapita. Mahali kinapokataa, kasoro iko kati ya hapo na pale kilipowaka mara ya mwisho. Usirukeruke. Watu wanaoharibu pikipiki ni wale wanaoanza kwa kubadilisha balbu kwa sababu balbu ndiyo inayoonekana.

Toa betri ya zamani. Sehemu yoyote utakayoona unga mweupe au wa kijani, isugue kwa msasa mpaka chuma kicheke. Fyuzi iko kwenye kikopo kidogo cha plastiki ubavuni mwa betri. Itoe hata kama inaonekana nzima, maana kutu hujificha kwenye meno ya kikopo. Taa ya nyuma, angalia chini ya kiti. Panya wanapenda pale, ni pakavu na pana joto.

Kichwa cha taa ya mbele ukikifungua, fungua polepole. Ethi yake iko humo.

Nimekuota. Umekaa kwenye wingu na madaftari yako na mimi niko chini nakupigia kelele, nawe unaandika tu kwamba kuna upepo. Ni uchovu. Hapa kazi ni nyingi.

Ukikwama niandikie kabla hujapanda. Kabla.

Spana


Tarehe 2 Aprili

Shemeji yangu mpendwa,

Imewaka!

Sijui nianzie wapi, basi naanzia kwenye betri kama ulivyosema. Ile ya zamani ilikuwa imeota ndevu nyeupe. Nikaweka mpya, nikagusisha kidude chako, kikawaka, nikapiga ukelele mpaka Mama akadhani nimeunguzwa. Baada ya hapo fyuzi. Ilikuwa nzima kabisa, ila umeme ulikuwa unaingia upande mmoja na kutotoka wa pili. Meno ya kikopo yalikuwa ya kijani kama ukindu. Nikayasugua jioni mbili. Siku ya tatu honi ikalia. Si honi ya kuogopesha mtu, ilikuwa kama mbuzi mwenye mafua, lakini ililia.

Panya ulikuwa umewapatia. Waya wa taa ya nyuma ulikuwa umetafunwa chini ya kiti, shaba iko nje, na humohumo kiota chenye pamba za godoro langu. Nimeuunga na kuufunga tepu. Kiungo changu ni kibaya, kimevimba kama kidole kilichobanwa na mlango, lakini taa ya nyuma inawaka nyekundu.

Ya mbele ikakataa. Nikamfuata mtoto wako: ufunguo amepita, swichi amepita, mpaka ndani ya kichwa cha taa kidude kinawaka. Balbu nzima. Nikajua basi hajui njia ya kurudi, ndiyo ethi. Humo ndani nikakuta kiungo kilichofungwa tepu nyeusi, mwisho wake umekunjwa vizuri kama pindo la nguo. Nikajua ni mkono wako, hakuna mwingine anayekunja tepu hivyo. Hicho sikukigusa. Nilisugua tu bolti ya ethi iliyoshika kutu, nikaikaza, nikageuza ufunguo.

Ukuta wote wa stoo ukawa mchana. Niliona mpaka majina ambayo wewe na kaka yako mliyakwaruza mkiwa wadogo. Mama akaja akainua mkono mbele ya taa kama anaota moto.

"Ilikuwa wapi siku zote hizi?" akauliza.

"Ilikuwa humo humo, Mama. Ilikosa njia."

Akaugeuza mkono wake kwenye mwanga, upande mmoja halafu wa pili.

Nimejifunza kuiendesha uwanjani, nimeanguka mara mbili tu na mara moja ilikuwa ni kwa sababu ya kucheka. Jumatatu, tarehe 7, naanza kupanda nayo. Nitaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nishinde juu kama kawaida, kisha baada ya kipimo cha saa kumi na mbili jioni nishuke.

Asante, shemeji. Hujui ulichonipa.

Shemeji yako


Tarehe 8 Aprili

Shemeji,

Nakuandikia polepole, nisiache kitu.

Jana nilipanda. Njia nzima taa ilikuwa mbele yangu kama mtu aliyeshika kitambaa cheupe akinivuta. Sikuona mti, sikuona bonde, ila ule mwanga na ukungu ukifunguka na kujifunga nyuma yangu. Nilifika saa kumi na mbili kasoro tano. Niliimba nikisoma vipimajoto.

Saa tatu redio ya kituo ikaita kama kila siku. Mama Redio wa makao makuu, yule anayepokea vipimo na kutunza madaftari yote, nikampa joto, mvua, upepo. Nilidhani tumemaliza. Akasema:

"Kituo cha mlimani, usiondoke. Una ujumbe. Nausoma ulivyoandikwa."

"Nasikiliza."

"'Usishuke na pikipiki. Washa taa ukiwa umesimama, kata usukani kushoto mpaka mwisho. Utaona.' Nirudie?"

"Umetoka kwa nani?"

"Amesimama hapa mbele yangu. Ana grisi mpaka masikioni, amekuja mbio, na amekataa kukaa. Anasema ni shemeji yako. Nirudie?"

"Hapana. Nimepata."

Nilikwenda nje. Nikaiweka kwenye stendi, nikawasha. Taa ikatupa mwanga juu ya kibanda cheupe, kila ubao nauona. Nikakata usukani kulia. Mwanga ukaenda kulia. Nikakata kushoto, na karibu na mwisho ikazima. Kama mtu aliyefumba macho. Nikarudisha katikati, ikawaka. Nilifanya hivyo labda mara ishirini.

Jioni nilishuka kwa miguu nikiisukuma. Kona ya mawe, unaijua, ukiwa unashuka inakata kushoto, kushoto sana, mpaka unahisi umegeuka kutazama ulikotoka. Nilisimama pale ukungu ukiwa mpaka kiunoni. Nikafikiri: mimi ningekuwa hapa sasa hivi, juu ya pikipiki, na taa ingezima hapa hapa.

Kisha nikafikiri jambo la pili, nawe unajua ni lipi.

Shemeji, ulijuaje?


Tarehe 12 Aprili

Shemeji,

Barua yako ya tarehe 2 ilifika Jumapili karakana imefungwa. Nimeifungua Jumatatu saa mbili asubuhi, nikasoma "Jumatatu, tarehe 7, naanza kupanda nayo", na sikumbuki njia niliyopita kufika makao makuu. Namshukuru yule mama. Alikuwa na haki ya kunifukuza.

Nitakwambia nilivyojua.

Siku ile kaka alikuja kwangu mchana, kabla ya kupanda kwa kipimo cha jioni. Unakumbuka nilikuwa na kibanda changu pale chini ya barabara. Akasema, "Spana, taa inakonyeza kama kijana aliyeona msichana." Tukacheka. Nilikuwa na mteja mwingine anasubiri, amekasirika, anatazama saa. Nikafungua kichwa cha taa, nikakuta waya wa ethi umelegea. Nikaukata, nikauunga upya, nikafunga tepu. Ndicho kile kiungo ulichokiona. Nikaiweka kwenye stendi, usukani umenyooka mbele. Nikawasha. Ikawaka safi.

"Imepona?"

"Imepona, kaka. Nenda."

Sikugeuza usukani. Ni kitu cha sekunde mbili. Fundi yeyote anageuza usukani kulia, anageuza kushoto, ndipo anamkabidhi mtu chombo chake. Mimi mwenyewe hapa nawafundisha wenzangu. Siku ile sikugeuza.

Usiku wa mazishi watu walikuwa bado wanakunywa chai, nikaingia stoo. Nikageuza ufunguo. Ikawaka. Nikakata kulia. Nikakata kushoto. Nikasimama pale gizani. Nikaondoka na basi la kwanza.

Waya huo wa ethi umekatikia shingoni mwa usukani, ndani ya ngozi yake. Kwa nje ni mzima, hata ukiupangusa huoni kitu. Ukinyoosha, ncha zinagusana. Ukikata kushoto, zinaachana.

Ulipoomba nikufundishe niliandika yote isipokuwa hilo. Kila barua nilisema nitaliandika katika inayofuata. Nilijidanganya kwamba utakwama kwenye fyuzi, utachoka, utaiuza. Hukukwama. Na mimi nilikuwa radhi kukuacha upande mlima kuliko kukuambia. Hilo ndilo linaloniamsha sasa, kuliko hata lile la kwanza.

Sikuombi kitu. Usiipande tu.

Spana


Tarehe 9 Mei

Spana,

Nimekaa karibu mwezi bila kukujibu, na nataka ujue nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nakasirika. Nilikasirika nikipanda kwa miguu, nikakasirika nikimimina mvua. Mama jirani alikuja kulala kwetu ili niweze kutoka alfajiri, na hata yeye nilimkasirikia kwa kukoroma. Nilikuandikia barua tatu. Zilikuwa fupi. Nilizichoma jikoni.

Katika hasira ile nikataka kuiona siku yenyewe, kama mtu anayebonyeza jino linalouma. Madaftari ya kituo kila mwisho wa mwezi hupelekwa makao makuu, kwa hiyo ukurasa wa siku ile sikuwahi kuuona. Nikamwomba Mama Redio. Akasema, "Nitaunakili kwa mkono wangu." Wiki iliyopita nikaupata. Baadaye, sijui kwa nini, ameniletea na daftari lenyewe, amelifunga kwa gazeti, ameandika juu: nirudishie.

Unakumbuka mwisho wa kila mstari kuna nafasi ya maelezo. Watu wengi huandika "shwari". Kaka yako aliandika hivi, kwa ule mwandiko wake wa kuinama kama unaokwepa upepo:

"Saa 12 jioni. Ukungu mzito, mlingoti sioni. Taa ya pikipiki inazima nikikata kushoto. Nitaisukuma hadi nipite kona ya mawe. Nitachelewa."

Alijua, Spana. Aligundua akiwa anapanda. Alishuka akiwa na nia ya kusukuma. Kosa lako ni lako na sikuondolei, lakini hakuingia ile kona akiamini maneno yako.

Sasa sikia langu, ambalo Mama hajui na hakuna mtu anayejua. Asubuhi ile tuligombana. Alikuwa amechelewa jioni tatu mfululizo. Nikamwambia mlangoni, alipokuwa akivaa viatu: "Leo ukichelewa tena, usinigongee." Akacheka, akafunga kamba. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo alianza kusukuma. Mahali fulani katika ukungu ule alitazama saa, akapanda. Nimetembea njia ile kila siku kwa miaka miwili nikijiuliza kwa nini alikuwa na haraka, huku jibu nalijua. Sijui alipandia wapi. Nimekwisha kuacha kutafuta, tangu jana.

Nimemwambia Mama yote, lako na langu. Alisikiliza akikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Nilingoja anilaani. Akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa mbishi." Akalia kidogo. Kisha akasema nikuandikie kwamba ovaroli lako bado liko sandukuni na hataki kulitunza zaidi ya mwezi huu.

Njoo ubadilishe huo waya. Nimejaribu kutoa tangi, bolti moja imekataa.

Shemeji yako


Tarehe 14 Mei

Shemeji,

Nimesoma ule mstari wa kaka mpaka karatasi ikalegea mikononi. "Nitachelewa." Namsikia kabisa anavyolisema.

Hukuniondolea kosa, na nakushukuru kwa hilo. Ningejua unanidanganya.

Nakuja na basi la Ijumaa ya tarehe 23. Naleta waya mzima wa ethi, wa kutoka kwenye fremu mpaka taa, bila kiungo hata kimoja. Bolti iloweshe mafuta ya taa, iache ilale nayo. Mwambie Mama asihangaike na lolote, nitakula kilichopo.

Sijapanda pikipiki tangu siku ile. Nazitengeneza tu, wengine wanazijaribu. Nakwambia mapema ili usije ukashangaa.

Spana


Tarehe 2 Juni

Ndugu yangu,

Uliondoka juzi na tayari Mama anauliza kama barua imekuja. Nimemwambia basi halina mabawa. Ameweka kikombe chako dirishani na amekataza mtu kukitumia.

Kuna kitu nilitaka kukwambia pale kituo cha basi, lakini dereva alikuwa anapiga honi na wewe ulikuwa unafunga begi lililokuwa limefungwa tayari. Nakiandika.

Ulipotoa tangi na kupasua ile ngozi ya waya shingoni, ukanionyesha nyuzi za shaba zimekatika moja moja, nyeusi, zimeshikwa na plastiki tu, ulisema, "Tazama. Kidogo hivi." Nilikuona umezeeka hapo hapo, kisha ukachukua koleo ukafanya kazi kama mtu anayeshona jeraha. Mama ameketi kwenye gunia anakumulikia na tochi, anamulika kila mahali isipokuwa unapotaka, na wewe hukumwambia kitu. Ulipomaliza uligeuza usukani kulia. Ukageuza kushoto. Taa ikakaa. Ukageuza tena, na tena, na Mama akasema, "Mwanangu, itachoka." Ndipo ukacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chenu kilikuwa kimoja.

Jumapili ulikubali kupanda nyuma yangu. Ulinishika mabega kama mtu anayevuka mto. Kule juu nilisoma vipimo vya jioni nawe ukanishikia taa, kisha tukaanza kushuka, na ukungu ukatukuta nusu ya njia, mzito, wa kijivujivu, kama tunashuka ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Kwenye kona ya mawe nilikata kushoto polepole. Nilihisi vidole vyako vikiingia begani. Mwanga ukazunguka pamoja nasi, ukapita juu ya majani, juu ya mawe, haukupepesa. Ukaniambia sikioni, "Simama."

Nikasimama. Ukashuka. Ukaniomba nisiizime.

Ulitembea mbele ya taa mpaka ukingoni, ukasimama na kunipa mgongo. Ulidhani sikusikii kwa sababu ya injini, na kweli maneno sikuyasikia. Nilisikia tu sauti ikipanda na kushuka, kama zamani mlivyokuwa mkibishana stoo na mimi niko jikoni.

Sasa sikiliza. Taa ilikuwa inakupiga mgongoni, na kivuli chako kikawa juu ya ukungu, kikubwa, kirefu kupita mti, kimesimama hewani juu ya bonde kikikutazama. Najua ni kivuli. Mimi ni mpima mvua, vitu vya ukungu navijua. Lakini wewe ulikuwa umeinamisha kichwa na chenyewe, kwa namna ukungu ulivyokuwa ukitembea, nilikiona kama kimeinua chake. Nikawaona watu wawili pale ukingoni, mfupi na mrefu, wanazungumza. Sikuogopa. Nilikaa juu ya pikipiki nikashika klachi, nikawaacha wamalize.

Ukajipangusa uso kwa mkono wa ovaroli. Upepo ukaja, ukungu ukasogea, ukabaki wewe peke yako na majani yaliyolowa. Ukarudi, ukapanda nyuma.

"Twende," ukasema. "Mama atakuwa amekaa mlangoni."

Tukashuka.

Dada yako